Nyumba ina bima, godoro je?

Jirani yangu hapa Mbinga mjini amepanga vyumba viwili na wanawe watatu. Siku moja hitilafu ya umeme iliwasha moto, na hadi unazimwa, godoro, kabati, cherehani yake na sare za watoto vilikuwa vimekwisha. Alipohamia aliambiwa nyumba ina bima, kwa hiyo alisubiri. Mafundi wakaja, dari ikarudishwa, ukuta ukapakwa rangi. Yeye hakupata kitu.

Hakudhulumiwa. Bima ya jengo ni ya mwenye jengo: kuta, paa, milango. Vya ndani ni vya mpangaji, na mpangaji anaweza kuvikatia bima yake, bima ya mali za ndani, bila kumiliki hata tofali moja. Kwa kawaida hubeba moto, radi na wizi wa kuvunja. Mengine uliza, maana kampuni hutofautiana.

Mimi huandika habari za afya, na wazazi huniambia, "Bima tunayo." Kadi ile itamtibu mtoto aliyeungua. Haitanunua cherehani.

Hesabu ndiyo huwaumiza wengi. Vitu vyako vina thamani ya shilingi milioni 4, lakini ili ada ipungue unaandika milioni 2. Ukiunguliwa na vya milioni 1, mkataba wa kawaida utakulipa 500,000 tu, kwa kuwa ulikata bima ya nusu. Na hapo bado hujatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe.

Tena, moto ukianzia kwenye jiko lako kwa uzembe, kampuni ya mwenye nyumba ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe. Uliza kama bima yako inabeba madai ya namna hiyo.

Ada hulipwa kwa mwaka, kwa hiyo fedha za kahawa zikiingia ndio wakati wake. Wakala awe na leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Baadhi ya benki pia huuza bima.

Na leo jioni piga picha kila chumba na kila risiti, kisha mtumie dada yako au shangazi wa watoto. Picha za jirani yangu zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa juu ya kabati.