Binti naye aulizwe

Mwezi huu tuangalie maisha ya mama mumoja mwalimu: Anna Julia Cooper wa Marekani. Alizaliwa mutumwa mu 1858, katika muji wa Raleigh. Utumwa uliisha kule mu 1865. Mu 1868 Kanisa likafungua masomo ya Saint Augustine kwa watu weusi, naye akaingia na miaka 9.

Mule akaona neno lenye kumuchoma. Kijana mwanaume akisema tu anataka kuwa pasta, anasaidiwa, hata kama masomo hayaingii. Binti mwenye akili, hakuna anayemuuliza anataka nini. Wanangojea paka aolewe. Somo la Kigiriki lilikuwa la wanaume wa upasta. Anna akaomba, akaingia.

Mume wake akafa mu 1879. Yeye akaendelea, akapata diploma ya Oberlin mu 1884. Mu 1892 akatoa kitabu, A Voice from the South. Alifundisha hivi: taifa la watu weusi halitasimama kama wanawake wake wamebaki chini. Mwanamuke mweusi anabeba mizigo miwili: huku rangi yake, huku uanamuke wake.

Mu 1902 akawa prefe wa masomo ya M Street, kule Washington. Wakubwa wengi walitaka mutoto mweusi ajifunze kazi ya mikono tu. Anna hakuzarau kazi ya mikono, lakini alikataa rangi ichagulie mutoto njia. Wanafunzi wake wakafika iniversite kubwa. Mu 1906 akaondolewa kazini. Mu 1910 akarudi kufundisha. Akalea watoto watano wa jamaa, na mu 1925 akapata doktora ya Sorbonne, Paris, na miaka 66! Alikufa mu 1964, na miaka 105.

Sasa sisi. Mwezi wa tisa ukifika, minervali ya sekondari haitoshi kwa wote, tunasikia: «Bibi ataolewa, tulipie kijana.» Na tukionyesha pointi za binti kuwa kidogo, tujiulize: nani alichota maji, akaosha sahani, akauzisha sokoni, wakati kaka yake alikuwa na kitabu?

Baba, mama, mbele ya kukata shauri, gawanyeni kwanza kazi za nyumba. Kisha waiteni wote wawili, muangalie makaye yao, mumuulize kila mumoja anataka nini. Binti naye aulizwe. Mungu hakumupa akili ili ifungiwe jikoni.