Kongolo: Kabla ya kumlaumu ndege wa Lualaba, tuangalie ndoo ya maji ya kuku wetu

Kila kiangazi, habari ni ile ile katika mitaa ya Kongolo. Mtu ana kuku kumi na watano. Baada ya juma moja anabaki na wawili. Ile ilikuwa karo ya mtoto, ilikuwa dawa ya mgonjwa, ilikuwa chakula cha mgeni. Yote yametupwa shimoni.

Hivi karibuni, karibu na soko, mama mmoja alinionyesha ndoo ambamo kuku wake wanakunywa. Maji yalikuwa ya rangi ya njano. Alikuwa amefungua vidonge viwili vya tetrasaiklini, vile vinavyouzwa kimoja kimoja mezani, na kumwaga unga wake ndani. Alinieleza kwamba anawakinga kuku wake, kwa sababu ndege wa mtoni wanaleta ugonjwa.

Simcheki mama huyu. Hakuna aliyemfundisha jambo lingine. Lakini katika ndoo ile mna mawazo mawili ambayo yanatugharimu sana: kwamba ndege wa mwituni ndiye chanzo cha kila ugonjwa, na kwamba dawa ya kuua vijidudu ni kinga.

Wazo la kwanza lina ukweli nusu. Mwezi wa Januari 2017, nchini Uganda, ndege wa majini wanaohama kutoka Ulaya na Asia walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria. Walikuwa na mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Mwaka huo huo ugonjwa huo ulipatikana kwetu Kongo, katika bata na kuku wa vijiji vya Ituri, kando ya Ziwa Albert. Kwa hiyo ndiyo, ndege wa mwituni wanaweza kubeba virusi na kuvifikisha mbali.

Lakini tujiulize: ndege wengi wanakunywa maji yale yale, wanakula matope yale yale. Kwa nini huyu anaugua na mwenzake anaendelea kuruka? Umri, chakula na aina ya ndege vina sehemu yake. Kuna pia jeshi lisiloonekana: vijidudu wanaokaa ndani na juu ya mwili wa ndege bila kumdhuru, wakimlinda.

Mfano mzuri ni hudihudi, yule ndege mwenye kishungi kichwani anayejulikana katika savana za Afrika. Ana tezi karibu na mkia. Wakati wa kutaga, tezi ya jike hutoa mafuta ya rangi ya kahawia yenye harufu mbaya, yaliyojaa bakteria. Jike anayapaka mayai yake. Watafiti wa Hispania waligundua kwamba bakteria hao hutengeneza sumu inayozuia vijidudu wabaya. Tena, kadiri walivyokuwa wengi juu ya maganda, ndivyo mayai mengi zaidi yalivyoanguliwa. Tunachokiita uchafu, kwa hudihudi ni mlinzi wa nyumba.

Kwa mafua, uchunguzi wa bata wa mwituni wa California uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bata wenye virusi na wale wasio navyo hawakuwa na bakteria sawa katika utumbo. Je, ugonjwa ndio uliobadili bakteria, au bakteria ndio waliofungua mlango? Kwa bata wa mwituni ni vigumu kutenganisha. Kwa kuku, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walijaribu. Mwaka 2018 walieleza jinsi walivyowapa kuku antibiotiki, wakaondoa bakteria wengi wa tumboni, kisha wakawaambukiza mafua ya aina ya H9N2. Kuku hao walitoa virusi vingi zaidi kuliko wenzao ambao bakteria wao hawakuguswa.

Sasa turudi kwenye ndoo ya njano. Ugonjwa unaomaliza kuku wengi vijijini ni Newcastle, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri. Unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa hiyo mama yule analipa fedha ili kuua walinzi, huku mwizi anaingia bila kuguswa. Na bakteria wabaya wanaobaki wanazoea dawa, dawa ile ile tutakayoihitaji kesho kwa mtoto wetu.

Wengine watasema: lakini kuku wa jirani walipona baada ya vidonge. Inawezekana, kama ugonjwa wao ulikuwa wa bakteria. Ndiyo maana lazima daktari wa mifugo aangalie kwanza. Dawa ya kutibu si dawa ya kukinga.

Basi tufanye nini? Kwanza, vifaranga wakae na mama yao. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala, watafiti wa Finlandi, walionyesha kwamba kifaranga mchanga aliyepewa bakteria wa utumbo wa kuku mzima alikingwa dhidi ya salmonela. Kifaranga anayechakura nyuma ya mama yake anapata bakteria hao bure.

Pili, chanjo. Chanjo ya I-2 dhidi ya Newcastle inavumilia joto kuliko chanjo nyingine na inadondoshwa jichoni; Tanzania na Msumbiji wanaitumia vijijini. Wakubwa wa eneo la Kongolo na serikali ya jimbo mjini Kalemie wapange kampeni kabla ya kiangazi, si baada ya vifo.

Tatu, anayeokota ndege aliyekufa kando ya Lualaba asimle wala asimpeleke nyumbani. Amjulishe mtu wa huduma ya mifugo. Na tusiwaue ndege wazima kwa hasira. Maabara kuu ya mifugo iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Lakini Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wake waje kuchukua vipimo vya ndege wetu, wa mtoni na wa uani, ili tujue nani anabeba nini.

Nilimwambia mama yule haya yote. Aliniuliza chanjo inapatikana wapi. Swali hilo si langu kulijibu peke yangu. Wenye madaraka wamelisikia.