Mnabishania Prizimu na Rekodi ya Babu Yenu Haina Uso

Watu wangu, wiki nzima simu yangu haijapumzika. Kikundi chetu cha WhatsApp, kile tulifungua tukiwa kidato cha nne ati tusaidiane na hesabu, kimegeuka bunge. Hoja iliyo mezani ni moja tu: kava gani ya albamu ya rock ya zamani ndiyo kali kuliko zote? Mmoja yuko chuoni Kwa Vonza, mwingine anatengeneza simu Wote, mwingine ana kibanda Kalundu pale Kitui, na wote wanapigana kama wamelipwa na Pink Floyd.

Kilichoanzisha vita ni tisheti. Jamaa wa Wote alinunua tisheti ya mitumba, nyeusi, ina pembetatu katikati, mstari mweupe unaingia upande mmoja na rangi zinatoka upande wa pili. Shilingi 150. Muuzaji alimwambia hiyo ni ya klabu ya sayansi ya shule fulani. Yeye akaipiga picha, akaituma, akaandika kwamba hii ndiyo kava bora duniani na hakuna mjadala. Sasa, ukiambia Wakamba watatu wenye bando kwamba hakuna mjadala, si umeanzisha mjadala?

Nimenyamaza siku nne. Leo nasema, na mtanisamehe.

Tuanze na hiyo prizimu yenu. The Dark Side of the Moon ilitoka mwaka wa 1973. Kava ilibuniwa na Hipgnosis, kikundi cha wabunifu wa London, na mchoro wenyewe ukachorwa na George Hardie. Kazi safi, siwezi kukataa. Lakini hebu hesabu zile rangi. Ziko sita. Mwalimu wangu wa fizikia alininyima alama kwa kusahau rangi moja ya upinde wa mvua, na nyinyi hapa mnaipatia kombe la dunia. Halafu niambieni: ukiangalia mbele ya hiyo kava, unajua nani aliimba? Unajua walikuwa wangapi, walikuwa wazee ama vijana? Hakuna jina, hakuna uso. Hiyo ni nembo. Ndiyo maana inakaa poa kwa tisheti, kwa kikombe na kwa madigadi ya boda. Sijasema ni mbaya. Nasema nembo ni nembo.

Na hao Hipgnosis walikuwa wamezoea. Mwaka wa 1970 waliwapa Pink Floyd hao hao kava ya albamu ya Atom Heart Mother, na unajua waliweka nini? Ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa amesimama malishoni, amegeuza shingo anakuangalia kama umemkatiza kula. Hakuna jina la bendi, hakuna jina la albamu, ni ng'ombe tu. Na huyo ng'ombe ana jina, Lulubelle wa Tatu, na watu wanalijua mpaka leo. Mkumbukeni huyo ng'ombe, nitamrudia.

Jamaa wa Kalundu yeye ni wa Abbey Road, na kusema ukweli huyo namheshimu zaidi. Tarehe 8 Agosti 1969 mpigapicha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara London, polisi akazuia magari kidogo, Beatles wakavuka kivuko cha miguu wakienda na kurudi, picha sita, kazi kwisha. Paul McCartney hana hata viatu. Ninaipenda kwa sababu angalau kuna watu. (Msijaribu hiyo Kitui mjini. Boda haisimami, hata uvae viatu vya aina gani.) Lakini hata hiyo, mbele haina maandishi. Hakuna "Beatles", hakuna "Abbey Road".

Hapo ndipo mnaniudhi. Mnaona hiyo ni ujasiri wa sanaa. Mimi naona ni starehe ya watu ambao tayari walikuwa wanajulikana. Kuacha jina lako nje unaweza tu kama sura yako iko kwa kila gazeti na kila ukuta. Na pesa zilikuwepo. Kava ya Sgt. Pepper ya mwaka wa 1967, ile yenye umati wa watu maarufu nyuma ya bendi, iliyotengenezwa na Peter Blake na Jann Haworth, iligharimu karibu pauni 3,000. Kava peke yake! Wakati huo hiyo ilikuwa pesa ya kushangaza watu.

Sasa twende nyumbani.

Kwa susu wangu, kule Mbooni, kuna sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kuna rekodi za babu, karibu thelathini, zile ndogo za 45. Gramafoni ilikufa kitambo, ilibaki kuwa mahali pa kuweka ndengu. Lakini rekodi susu hajatupa hata moja. Nilizitoa moja moja Desemba iliyopita, nikazipanga kwa mkeka. Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo. Kalambya Boys. Kyanganga Boys wa Peter Mwambi. Lower Mbooni Boys, ambao kwa susu wanahesabika kama majirani. Hiyo ni benga ya Ukambani ya miaka ya 1970 na 1980, watu waliochezesha Kenya nzima. Kakai aliimba Kikamba na Kiswahili, kwa hivyo hata mtu wa Kisumu alijua kuitikia. Alifariki 1987, akiwa bado kijana kabisa.

Unajua niliona nini kwenye kava zao? Hakuna kava. Ni bahasha ya karatasi yenye tundu la duara katikati, na kupitia hilo tundu unasoma lebo: jina la bendi, jina la wimbo, jina la mtunzi. Basi.

Sababu yake inaeleweka, sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Rekodi ya 45 ilikuwa bidhaa ya bei ya chini. Wimbo mmoja unakatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Kampuni inachapisha bahasha ya aina moja, inaitumia kwa bendi zote, na lile tundu linamaliza kazi ya kutofautisha. Rekodi inatoka leo, inauzwa River Road, inapanda basi, wiki ijayo iko kwa baa Kibwezi na Mutomo. Nani angelipa mpigapicha? LP zenye picha zilikuwepo, ndiyo, lakini wazee wetu wengi walikuwa wananunua hizo 45.

Kwa hivyo angalieni vizuri. Miaka ile ile, London walikuwa wanatoa picha bila jina. Huku kwetu tulikuwa tunatoa jina bila picha. Na nyinyi, wajukuu wa hao wa jina bila picha, mmekaa wiki nzima mnawashangilia hao wa picha bila jina.

Mtasema naleta siasa kwa mambo ya kujifurahisha. Sawa. Basi wacha niwaambie kitu sijawahi kuandika hapa.

Rekodi moja kwa lile sanduku ni ya babu mwenyewe. Simaanishi aliinunua. Alipiga. Alikuwa na wenzake, wakaenda Nairobi, wakarekodi wimbo mmoja, sehemu ya kwanza na ya pili, yeye akiwa kwenye gitaa la ridhimu. Haikuuza sana. Akarudi shambani, akapanda maembe, akawa mzee wa kanisa, na gitaa hakuligusa tena mbele ya watoto. Alifariki nikiwa na miaka minne. Picha yake tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, mzee amekunja uso kama anadaiwa. Ya ujana hakuna hata moja.

Mwaka jana nikaupata huo wimbo YouTube. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Nikashika kichwa. Mtu aliurekodi kutoka kwa santuri, ukisikiliza unasikia zile kelele za sindano, halafu gitaa linaingia. Nikakimbia kwa susu na simu. Aliposikia alikaa. Hakuuliza ni nini, alijua. Akasikiliza sehemu ya kwanza yote akipigapiga goti na kidole, halafu akachukua simu akaisogeza karibu na macho, akaangalia picha iliyowekwa kwenye huo wimbo. Mwanaume kijana, suti, gitaa, anacheka.

Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Huyo hayuko kwa hiyo bendi, susu aliwajua wote wanne na akanitajia majina yao. Na chini yake watu wameandika pumzika kwa amani shujaa, pumzika kwa amani mzee wetu, wanamwombolezea babu yangu wakiangalia uso wa mtu mwingine. Nilimwandikia aliyeuweka, kwa heshima kabisa. Akanijibu kwamba picha ni ya kupendezesha tu, muhimu ni muziki.

Muhimu ni muziki! Haya. Kama muhimu ni muziki, mbona mnatukanana kwa sababu ya pembetatu? Ama kava ni muhimu kama mwenyewe ni Mwingereza, ikifika kwa Mkamba inakuwa ya kupendezesha? Ng'ombe wa Pink Floyd, nimesema nitamrudia, ng'ombe anajulikana kwa jina na sura miaka zaidi ya hamsini baadaye. Babu yangu amewekewa sura ya kuazima.

Na si yeye peke yake. Pitia hizo mix za benga za zamani mnazocheza kwa matatu ya Machakos. Utakuta wimbo wa bendi hii na picha ya bendi ile, ama msichana ambaye hahusiki na chochote, ama machweo ya jua. Machweo! Mwaka wa 2013 kampuni ya Uingereza, Soundway, ilitoa mkusanyo unaoitwa Kenya Special, nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, na ndani wakaweka kijitabu cha kueleza bendi na nyimbo. Wao walifunga safari kutafuta. Sisi sanduku liko chini ya kitanda cha susu na tunaona uvivu kuinama.

Wasanii wetu wa sasa nao msijifiche. Wimbo unahusu shida za maji kijijini, bango la wimbo lina gari la kifahari na majengo ya Dubai. Miaka arobaini ijayo mjukuu wako atakutafuta kwenye hiyo picha na atapata gari la mtu.

Mnataka kura yangu ya rock, nitawapa. Queen II, 1974, picha ya Mick Rock. Giza tupu, na ndani ya giza sura nne. Chini katikati yuko Freddie Mercury amekunja mikono kifuani. Huyo alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Mtoto wa Mji Mkongwe, na dunia nzima inaijua hiyo sura, kwa sababu alikuwa na sauti, ndiyo, lakini pia kwa sababu mtu mwenye kamera alipewa kazi ya kumulika nyuso nne vizuri. Mwaka wa 1975 walirudia pozi hiyo hiyo kwa video ya Bohemian Rhapsody, mkaijua hata nyinyi. Kava inayokuonyesha nani anaimba inaishinda pembetatu. Mwenye tisheti akate rufaa akitaka.

Mimi Jumamosi nilipanda Mbooni tena. Nikaiweka ile rekodi mezani karibu na dirisha, ndani ya bahasha yake, nikapiga picha na simu. Inaonekana karatasi ya kahawia iliyochakaa pembeni, alama ya kikombe cha chai, na katikati kwenye tundu, lebo yenye jina la bendi na jina la mtunzi. Nimeuweka wimbo upya na picha hiyo, na chini nimeandika majina manne kama susu alivyonitajia, nani alipiga nini. Susu akaiangalia kwa muda. Kuhusu uso hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye ile alama ya kikombe akasema hiyo chai ilikuwa yake, na babu alimnunia siku mbili.

Nimetuma kiungo kwa kikundi. Kwa Vonza amesikiliza yote mawili, sehemu ya kwanza na ya pili. Kalundu amesema kesho anampigia nyanya yake wa Mutomo. Mwenye prizimu amekaa kimya karibu saa nzima, halafu akauliza tisheti ya hiyo bahasha inatoka lini, na kama itafika 150.