Mshahara wa Kibarua na Fedha za Umma

Shule, vituo vya afya na barabara vinavyojengwa kwa fedha za umma ni mali yetu sote. Tunahesabu vyumba na mabati. Ni nadra kuuliza aliyebeba matofali amelipwa nini.

Swali hilo lina jibu katika sheria. Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulipitishwa Geneva mwaka 1949, na Kongo iliukubali mwaka 1960, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Unaagiza kwamba serikali inapotoa kazi ya ujenzi, mfanyakazi asilipwe chini ya kiwango kilichowekwa kihalali kwa kazi ya namna hiyo mahali hapo. Sharti hilo linamfunga pia yule anayepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkubwa. Masharti ya kazi yabandikwe waziwazi, na anayeyavunja aweza kuzuiliwa fedha zake ili wafanyakazi wapate haki yao.

Wapo wasemao kwamba mishahara ikipanda, madarasa yatapungua. Hoja hiyo si ya kudharau, kwa maana mfuko wa serikali ni mdogo. Lakini bei iliyoshushwa kwa kumpunja kibarua si akiba; ni mkopo uliochukuliwa jikoni kwa maskini bila kumwomba. Mkandarasi mwaminifu naye hushindwa, kwa kuwa mwenzake ameshindana kwa njaa ya watu, si kwa ufundi. Ni aibu baba ajenge darasa ambamo mtoto wake ataingia bila daftari.

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki, maana mwenye njaa hukubali lolote. Yampasa mtu apate riziki ya kumtosha.

Basi, hapa Kamina tudai mambo matatu. Kiwango cha mshahara kibandikwe penye kila ujenzi wa umma, kwa Kiswahili na Kiluba. Mkaguzi wa kazi afike kabla kazi haijakwisha. Serikali nayo imlipe mkandarasi kwa wakati, ila malipo ya mwisho yangoje orodha iliyotiwa sahihi na vibarua wenyewe. Siku ya kufungua jengo, hotuba zitolewe. Lakini kwanza orodha hiyo isomwe.