NJIA YA MIGUU NAYO NI MALI YA UMMA

Ndugu Wanachama,

Mwenye kuandika haya ni mtu wa duka. Skuli ya serikali niliisoma kwa uchache. Nilichokipata nilikipata chuoni, juu ya jamvi, mbele ya mwalimu mwenye bakora. Katika tuliyofundishwa pale ni kuwa njia ina haki yake, na kwamba kumwondolea mpita njia kinachomdhuru ni sehemu ya imani, ijapokuwa ni sehemu iliyo ndogo kuliko zote. Utotoni nilidhani maneno yale ni ya kutukataza kutupa miba ya samaki mbele ya baraza za watu. Leo, baada ya miaka kumi na mbili ya kuuza mchele na sabuni ukingoni mwa mji wa Geita, mbali na bahari na mbali nanyi, nimefahamu kuwa yale ni maneno ya utawala khasa. Nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii ili nikuleteeni khabari ya huku, maana naona yaliyotupata sisi yako njiani kuja kwenu.

NJIA ILIYOTOWEKA

Palikuwapo njia ya miguu ubavuni mwa duka langu. Haikuwa na jina wala kibao. Ilianza penye barabara ya magari, ikapita baina ya mashamba mawili ya mihogo, ikateremka kisimani, ikapanda tena mpaka skuli na makaburini. Mkulima alipita nayo alfajiri na jembe begani, na mayu, kama wanavyomwita mama kwa Kisukuma, alipita nayo na beseni la mboga kichwani. Watoto walipita wakakopa kalamu kwa jina la baba zao. Hakuna aliyeikata njia ile kwa amri. Miguu ya watu ndiyo iliyoikata, kizazi baada ya kizazi.

Siku moja yalikuja magari, zikasimamishwa nguzo, ukavutwa seng'enge, na njia ikaishia penye waya. Aliyenunua uwanja ule simtaji, wala sina ugomvi naye, kwa kuwa alinunua kwa hati na hati yake ni sahihi. Tulipokwenda kuuliza tulifunuliwa ramani. Viwanja vilikuwamo, vimepigwa namba vizuri. Barabara ya magari ilikuwamo. Njia yetu haikuwamo. Tukaambiwa: kisichokuwamo katika ramani hakipo.

Wiki ile ile alifariki mzee mmoja jirani yetu. Njia ya makaburini ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Jeneza lilizungushwa kwa barabara kuu, baina ya malori na bodaboda, mwendo wa karibu saa nzima, na mara mbili wabebaji walishuka mtaroni kuyapisha malori. Mimi nilikuwa katika wabebaji. Tangu siku ile sijaweza kulinyamazia jambo hili.

JEE, NANI ALIYEIUZA?

Nimeuliza sana, na jawabu niliyoipata ni hii: hakuna aliyeiuza. Ilipotea katika mlango baina ya sheria mbili, na mambo yalivyo ni haya.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji huko Bara husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa wanakijiji una kauli katika kugawa ardhi hiyo. Mzee asiyejua kusoma aweza kusimama mkutanoni akasema, "Hapa pana njia," na kauli yake ikaandikwa. Lakini mji ukikua, kijiji kilicho ukingoni humezwa na kufanywa mtaa. Mkutano ule hauna tena nguvu juu ya ardhi. Mambo huhamia kwa halmashauri ya mji, kwa maofisa wa mipango na wapimaji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mpimaji hupima alichotumwa kupima. Akitumwa viwanja, atarudi na viwanja. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, inaitambua haki ya njia kwa ajili ya umma. Lakini haki hiyo yataka mtu wa kuidai na karatasi ya kuiandika, na katika siku zile za kuhama kutoka kijiji kwenda mtaa, hapana mwenye dhamana ya kuidai.

Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012. Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, ilipata manispaa mwaka 2021. Sote tulishangilia. Wala sisemi tulikosea kushangilia. Nasema tulishangilia bila ya kuuliza nani atazishika njia zetu.

DHAHABU NA MIPAKA YAKE

Tena hapa pana jambo jingine lisilokuwapo katika miji mingi. Mji wetu umepakana na mgodi. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu enzi za Waingereza, ule mgodi wa kale ukafungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Leseni yake yashika kilomita za mraba 196 hivi. Mipaka ya leseni huwekwa vigingi, na vigingi havikuungoja mji upange mipango yake. Wakaazi wa pande za Katoma na Nyamalembo wamelalamika miaka na miaka kwamba wanaishi ndani ya vigingi, hawajui wajenge au wahame. Na mwaka 2007 familia za Mtakuja ziliondolewa katika makaazi yao, zikaishi miaka mingi katika mabanda na mahema mjini Geita, huku zikidai haki zao.

Nendeni Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, kwenye almasi aliyoivumbua Williamson mwaka 1940. Huko eneo la mgodi lilikuwa marufuku kwa jirani aliyezoea kuchunga, kuokota kuni na kupita. Yaliyofuata yalifika hadi London. Mwaka 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa na hisa kubwa katika mgodi ule, ilikiri kwamba yametokea majeraha na vifo katika shughuli za ulinzi, ikafanya mapatano ya paundi milioni 4.3 na wadai 71. Ndani yake mna fidia, gharama za mawakili na miradi ya wanavijiji. Nawaombeni mlipime neno hili. Sisemi kila aliyeumia alikuwa mpita njia tu, maana wako waliokwenda kutafuta almasi. Nasema kwamba mpaka ukiwekwa bila ya kupatana na jirani, mlinzi hana namna ya kumjua mchungaji na mwizi, na bunduki haiulizi.

Tazameni na Kahama. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 ubavuni mwa mji, na mwaka 2021 ukafunga. Miaka kumi na miwili! Umri wa duka langu. Baadaye Serikali ikatangaza kulifanya eneo lile kuwa eneo maalumu la viwanda na uchumi. Ni jambo jema kwa kijana asiye na kazi, na namwombea kheri. Lakini njia iliyofungwa kwa ajili ya shimo la miaka kumi na miwili, jee, itafunguliwa shimo likifungwa? Au ukuta hurithiwa, akishaondoka mmoja akaupokea mwengine?

WANAOSEMA TUNAPINGA MAENDELEO

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba muuza duka hajui uchumi, na kwamba dhahabu ndiyo iliyojenga zahanati na madarasa. Ni kweli, wala sikanushi. Kwa sheria za mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa hadi asilimia 6, na Serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Halmashauri nazo hupata ushuru wa huduma kutokana na mapato ya kampuni, na kila mwaka kampuni hutakiwa kupatana nazo juu ya miradi ya jamii. Mimi mwenyewe nauza zaidi kwa sababu ya mgodi. Mishahara ya wachimbaji hupita katika mizani yangu.

Lakini tazameni vizuri. Hayo yote yamehisabiwa mpaka desimali. Dhahabu hupimwa kwa gramu, hisa kwa asilimia, viwanja kwa mita. Njia ya mayu wa mboga haikupimwa kwa chochote, na kwa hivyo ilipopotea haikuandikwa katika khasara ya mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeilipa, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na nauli ya bodaboda siku mguu ulipomuuma. Sasa haji tena dukani kwangu. Kuacha nafasi ya mita mbili baina ya viwanja hakumfilisi tajiri yeyote. Kuifunga nafasi hiyo humfilisi maskini. Sisi hatupingi maendeleo. Twapinga maendeleo yenye kumtoza asiyekuwa nacho.

NANYI MLIOKO VISIWANI

Ndugu zangu, msiseme hayo ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na sheria nilizozitaja hazivuki bahari. Lakini seng'enge huvuka. Nani kati yenu hajafika Nungwi, au Paje, au Jambiani, akaziona kuta zilizosimama baina ya kijiji na pwani? Mwanamke wa mwani hana mlango mwengine wa kuingilia kazini kwake ila ule ujia. Mvuvi huburura ngarawa yake pale alipoburura babu yake. Na huko Fumba na pembezoni mwa mji wa Unguja mashamba yageuka viwanja kwa upesi ambao hatujapata kuuona.

Ardhi ya Zanzibar, kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi namba 12 ya mwaka 1992, ni mali ya umma chini ya Serikali, na mwekezaji hupewa kwa mkataba wa miaka. Mkataba huandikwa mara moja, na njia isiyotajwa siku hiyo haitajwi tena mpaka wajukuu wazeeke. Mipango ya mji wa Unguja imechorwa mara nyingi: mwaka 1923 na mwaka 1958 na Waingereza, mwaka 1968 na Wajarumani wa Mashariki, mwaka 1982 na Wachina. Wageni hawa wote walijua kuchora. Lakini mgeni hawezi kuijua njia ya kisimani asipoonyeshwa na mwenye kuipita. Hiyo ni kazi yetu, si yake.

LA KUFANYWA

Kwa hivyo nauomba uongozi wa chama chetu, na kila tawi, mambo matatu.

La kwanza: kila tawi liwachague wazee wawili na vijana wawili, wazitembee njia zote za miguu za shehia yao, waandike inaanza wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi, na nani huitumia. Hapana haja ya chombo cha mpimaji. Daftari na penseli zatosha. Nakala moja apewe sheha kwa sahihi, moja ibaki tawini.

La pili: wawakilishi wetu Barazani wadai kwamba hapana mkataba wa ardhi utakaotiwa sahihi kabla ya kubandikwa hadharani ramani inayoonyesha njia za watu, na kabla ya wanashehia kupewa nafasi ya kusema.

La tatu ni letu sisi wenyewe. Wako wanachama wanaouza viwanja, na mimi nawajua. Ndugu, ukiuza, iache njia. Usimlaumu mgeni kwa ukuta ambao wewe ndiye uliyempa mawe. Tukidai haki kwa Serikali huku tukiinyima kwa jirani, dai letu litakuwa na mguu mmoja.

Huku Geita nasi tumeanza, ijapokuwa tumechelewa. Watu wa mtaa wetu, Waislamu na Wakristo pamoja, wamekwisha andika njia saba zilizobaki, na barua yetu imepokewa na kupigwa mhuri. Njia ya duka langu haimo katika hizo saba. Ile imekwisha kwenda. Jeneza la mtu wa pili limekwisha zungushwa nalo kwa barabara kuu, na safari hii mvua ilikuwa ikinyesha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Huku kwetu ukuta umekwisha jengwa, nao umejengwa juu ya njia. Nyinyi bado mna ufa tu.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi nduguyenu,
MUUZA DUKA, Geita