Uzuri wa Mkakasi: Hoja Dhidi ya Hila Katika Maonyesho ya Ng'ombe

Kiswahili kina ukoo wa maneno unaotosha kuendesha kesi ninayoifungua hapa. Kuumba ni kukipa kitu umbo. Kuumbua ni kuliharibu umbo hilo, na pia ni kuifichua aibu ya mtu mbele za watu. Kuumbuka ni kufikwa na aibu hiyo. Lugha iliyoyazaa maneno haya kutoka shina moja ilikwisha kutambua kwamba anayelivuruga umbo la kitu ili kionekane kingine anajiandalia siku yake ya kuumbuka.

Kesi yenyewe inahusu ng'ombe wa maonyesho wa Texas. Sisi Waafrika Mashariki tuliofanya makazi Irving tumezungukwa na utamaduni huo, tupende tusipende. Magharibi yetu iko Fort Worth, ambako maonyesho ya mifugo yalianza mwaka 1896. Mashariki iko Dallas, yenye maonyesho ya jimbo yaliyoanza mwaka 1886. Kusini, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, iko Houston, ambako maonyesho yaliyoasisiwa mwaka 1932 yamekuwa miongoni mwa makubwa kupita yote duniani. Fedha zinazozunguka humo si za mchezo: mwaka 2023 maksai bingwa wa Fort Worth alinadiwa kwa dola 440,000, na Houston imewahi kumnadi bingwa wake kwa dola milioni 1. Wanaowaleta maksai hao uwanjani ni watoto wa shule, wanachama wa vyama vya vijana vya 4-H na FFA. Watoto wetu nao wanasoma katika shule zenye vyama hivyo, na kwa hiyo suala hili halituhusu kama watazamaji tu.

Hoja yangu ni hii: kumpamba ng'ombe si dhambi. Kosa ni kuligeuza pambo kuwa ushahidi wa uongo mbele ya mwamuzi, na kosa zito zaidi ni kumtwisha mnyama gharama ya uongo huo.

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe. Kwa miezi kadhaa maksai huoshwa, hupigwa brashi na kukaushwa kwa mashine ya kupuliza hewa hadi manyoya yazoee kusimama. Kwa kuwa joto la Texas humfanya mnyama apukutishe manyoya, wako wanaomfungia katika banda lenye ubaridi na feni ili manyoya yaote marefu. Siku ya shindano ikifika, mrembaji huchukua mashine ya kunyolea na kumchonga mnyama kama seremala anavyoliranda bao: hupunguza pale panapovimba, huacha manyoya marefu pale palipobonyea, mpaka mgongo uonekane umenyooka. Miguuni hupuliza gundi na kuyavuta manyoya juu ili mfupa uonekane mnene. Penye doa hutia rangi. Shindano likiisha, gundi hiyo huyeyushwa kwa dawa na mnyama huoshwa tena. Wahenga wetu hawakuwahi kuiona gundi ya Texas, lakini walikwisha kuihukumu: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Hadi hapo tunazungumzia manyoya. Ngazi ya pili ni mwili wenyewe. Wako waliokamatwa wakidunga hewa au mafuta chini ya ngozi ili kuziba bonde la misuli, na wako waliotumia dawa za kukuza nyama. Katika maonyesho ya jimbo la Ohio ya mwaka 1994 mabingwa walivuliwa ushindi kwa makosa ya aina hiyo, na kashfa ile ikalisukuma jimbo kutunga kanuni dhidi ya kuchezea maumbile ya mifugo. Dawa iliyotajwa sana miaka hiyo ni klenbuteroli, inayotumika kutibu pumu katika baadhi ya nchi. Hukuza misuli na kuyeyusha mafuta, na mabaki yake hukaa katika nyama na maini. Mwaka 1990 huko Uhispania watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula maini yenye dawa hiyo. Maksai wa maonyesho naye ni kitoweo. Safari yake kwa kawaida huishia machinjioni. Uongo aliobandikwa uwanjani humfuata hadi kwenye sahani ya mtu asiyejua kwamba kulikuwa na shindano.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Denver, mwaka 1972. Maksai mweusi aliyeitwa Big Mac alitawazwa bingwa mkuu, kisha ikagundulika kwamba alikuwa wa damu ya Charolais, mweupe, aliyepakwa rangi ili apite kwa ng'ombe mweusi. Wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona kinatufundisha jambo zito: waamuzi walimtazama, wakamshika, wakamlinganisha na wenzake, na rangi ikawashinda.

Nalitaja hilo kwa sababu utetezi wa kwanza tunaosikia ni kwamba hakuna anayedanganyika. Jaji ni mjuzi, wasema. Anajua kuwa mguu umetiwa gundi, naye huupapasa mgongo kwa kiganja chake. Basi na tuwaulize: ikiwa jaji haoni ila ukweli, gundi ile inafanya kazi gani? Ama inamdanganya, na hapo ni ulaghai. Ama haimdanganyi, na hapo ni upuuzi unaogharimu fedha na saa za kumsimamisha mnyama ndani ya fremu ya chuma. Hakuna anayenunua mikebe ya gundi kwa ajili ya upuuzi.

Utetezi wa pili una uzito zaidi. Wanasema urembaji ni sanaa, unadai jicho, mkono na subira, na kwamba kijana anayejifunza kumchonga maksai anajifunza ufundi halali. Nakubali kwamba ni sanaa. Ila sanaa ina sharti lake, na mfano uko hapa hapa Irving. Katika uwanja wa Williams Square, Las Colinas, farasi tisa wa shaba wanakimbia wakivuka kijito, kila mmoja mkubwa kuliko farasi halisi kwa mara moja na nusu. Aliyewachonga ni Robert Glen, mzaliwa wa Kenya, na sanamu hizo zilizinduliwa mwaka 1984. Glen aliukuza mwili wa farasi kupita kipimo chake, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba amepunjwa. Shaba haijifanyi nyama. Anayeitazama anajua kwamba mbele yake pamesimama kazi ya mkono wa mtu, na humsifu mtu huyo.

Mfano wa pili uko upande wa pili wa mizani. Mwingereza Thomas Bewick, mchongaji mashuhuri wa picha za wanyama aliyefariki mwaka 1828, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi wafugaji wa zama zake walivyomtaka aongeze katika picha marundo ya mafuta ambayo ng'ombe wao hawakuwa nayo. Alikataa. Picha ile haikukusudiwa kuning'inizwa ukutani ipendeze tu. Ilikuwa tangazo la mbegu na bei, na kwa hiyo ilikuwa ushahidi. Wafugaji wale walitaka kuipotosha picha. Mrembaji wa leo amepiga hatua moja mbele: amemgeuza ng'ombe mwenyewe kuwa picha, akampotosha yeye.

Kama ni sanaa basi, ipewe uwanja wake. Mashindano ya timu za urembaji yapo tayari Marekani: vijana hupewa maksai na muda maalumu, nao huhukumiwa kwa ustadi wa mikono yao. Huko sina neno, mradi mnyama haumizwi, kwa kuwa pambo linajitangaza kuwa pambo. Tatizo huanza pale tuzo inapotajwa kuwa ya ng'ombe, nayo inatolewa kwa gundi.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kukumbuka kwamba kesi hii iliamuliwa zamani. Hadithi za Mtume zinakataza tasriya, yaani kumwacha mnyama bila kumkama kwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mnunuzi aliyelaghaiwa hivyo ana haki ya kumrudisha mnyama, pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Hila hiyo haikufa. Katika maonyesho ya ng'ombe wa maziwa bado wako wanaoacha kiwele kivimbe kupita kiasi siku ya shindano, na maonyesho makubwa yamelazimika kutumia mashine za kupiga picha za ndani ya mwili ili kuwabaini. Karne kumi na nne zimepita. Kiwele ni kile kile na mnyama anayeumia ni yule yule. Huko Saudia, katika tamasha la ngamia la Mfalme Abdulaziz, ngamia zaidi ya 40 waliondolewa mwaka 2021 kwa kudungwa botoksi, homoni na vijazo vingine usoni na mwilini. Fedha na sifa zikishatundikwa juu ya umbo la mnyama, hila haiulizi dini wala bara.

Hapa nageukia upande wetu, kwa maana kuna uandishi wa ughaibuni unaonikera. Ni ule unaomsimanga Mtexas huku ukimchora mfugaji wa Afrika kama malaika aishiye na mifugo yake katika usafi wa asili. Wanuer wa Sudan Kusini huikata pembe ya dume mchanga kwa mkuki, kwa kushazari, ili iote ikipinda watakavyo. Wafugaji wengine wa ukanda huo, wakiwamo Wapokoti na Waturkana, nao huzielekeza pembe za ng'ombe wawapendao. Hakuna anayedanganywa hapo. Kila atazamaye anajua kuwa pembe imepindwa, na mwenye ng'ombe huimba habari hiyo kwa fahari. Lakini mnyama ameumia. Uwazi unamwondolea binadamu lawama mbele ya binadamu mwenzake, haumwondolei mbele ya ng'ombe.

Ndiyo maana nasisitiza maswali mawili, si moja. Nani anadanganywa? Nani anaumia? Inyambo wa Rwanda, ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu wanaotunzwa Nyanza, huvishwa shanga na kuimbiwa, nao hufundishwa kutembea kwa madaha. Shanga haimwongezei ng'ombe misuli asiyo nayo, wala haimtoboi ngozi. Pambo hilo linavuka maswali yote mawili. Pembe ya Wanuer inavuka la kwanza na kukwama kwenye la pili. Gundi ya mguuni inakwama kwenye la kwanza. Mafuta yaliyodungwa chini ya ngozi yanakwama kwenye yote mawili.

Wako watakaosema kwamba nataka lisilowezekana, kwamba kila mtu anafanya na anayeacha peke yake atashindwa. Hilo la pili ni kweli, na ndiyo sababu dawa yake ni kanuni, si mahubiri. Na kanuni ipo. Maonyesho makubwa ya Texas, likiwamo la Houston, huwataka maksai wa soko wanyolewe manyoya ya mwili hadi robo inchi, wabakiziwe usinga wa mkia tu. Kwa amri moja, gundi ya miguuni ikapoteza kazi, na banda la ubaridi likakosa maana kwa maksai hao. Maonyesho hayakufa, watu bado wanajaa na bei zimepanda. Lakini amri hiyo haiwagusi mitamba na mafahali wa uzao, ambao mara nyingi bado huingia uwanjani wamechongwa na kutiwa gundi, ingawa kwao uongo una madhara marefu zaidi: maksai hafi na mbegu, fahali aliyeshinda kwa kasoro iliyofichwa huirithisha kasoro hiyo kwa mamia ya ndama. Kilichowezekana kwa maksai kiwezekane kwao pia.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haimkatazi mtu kumwosha ng'ombe wake na kumleta mbele za watu akiwa nadhifu. Usafi ni heshima kwa mnyama na kwa mtazamaji. Inamwonya anayelazimika kukitembeza kitu kwa sababu hakiwezi kujisimamia. Mtoto wa miaka kumi anayeamka kabla ya alfajiri kumlisha maksai wake anafundishwa subira, huruma na wajibu. Mtoto huyo huyo akikabidhiwa mkebe wa rangi na kuonyeshwa mahali pa kuficha doa, anafundishwa somo jingine, nalo atalikumbuka muda mrefu baada ya maksai kuliwa. Wazazi wetu wanaowaandikisha watoto katika vyama hivi wana haki ya kuuliza, siku ya kwanza kabisa, ni lipi kati ya masomo hayo mawili linalofundishwa bandani.