Mishale ya karatasini haitoshi

Katika fakulte yetu, ukitaja kompyuta watu hufikiria kupiga chapa tu. Mimi nataka tuitumie kuzijaribu kanuni zetu wenyewe, na mfano wangu ni inzi.

Mwaka 2000, George von Dassow na wenzake wa Seattle, Marekani, waliandika kwa milinganyo jinsi seli za kiinitete cha inzi wa matunda zinavyopashana habari hadi mwili ugawanyike pingili pingili. Seli moja hutoa protini iitwayo Wingless. Jirani yake hujibu kwa Hedgehog, yaani kalunguyeye (buu aliyekosa jeni hiyo hujaa vijiba kama miiba). Kila moja humchochea mwenzake aendelee. Mishale yote ilikuwa imeshachorwa na wanabiolojia, lakini kwenye kompyuta mchoro wa pingili haukutokea. Walipoongeza viungo viwili, kimojawapo wingless kujichochea yenyewe, ulitokea, hata kwa namba za kubahatisha: takriban mara 1 katika 200, ingawa vigezo vilikuwa karibu 50.

Mtaniambia lugha si inzi. Sawa. Lakini nina kanuni saba za upatanifu wa irabu za Kinande, nadhifu sana ubaoni. Rafiki wa informatiki aliziendesha juu ya maneno 300 ya daftari langu: ya nne ilikuwa inaifuta ya sita. Wala mimi wala walionisahihisha hatukuliona hilo.

Tupewe saa mbili kwa wiki za kuandika programu, kuanzia mwaka wa pili. Mimi nimechelewa: sura ya tatu naiandika upya, na utetezi ni Julai.